Sauti ya Raudha Iliyobaki Dukani

Nikipita mbele ya duka la vifaranga la Godbless, hapa Visiga, nageuza uso upande wa pili, na siku nyingine hata kutema mate natema. Padri wetu akisikia atanisema. Na aniseme. Raudha ni jirani yangu, tumepanga nyumba moja, mimi nashona nguo chumba cha mbele na yeye anakaa cha nyuma. Alichofanyiwa kimenikaa kooni mpaka leo.

Raudha ndiye aliyekuwa msemaji wa duka lile mitandaoni. Picha za Instagram ni yeye, matangazo ya Facebook ni yeye, na simu ya duka yenye WhatsApp, ambayo wafugaji wa Kibaha wote mpaka Ruvu wanaijua, ilikuwa mkononi mwake. Hakuwa mtu wa kuandika "karibu mteja" akaishia hapo. Mtu akisema vifaranga wake wanakufa, Raudha alimuuliza kwanza wamejikusanya wapi, jiko la mkaa liko upande gani, chanjo ya kideri walipata lini. Wengi wao hawapendi kusoma, kwa hiyo alikuwa anawarekodia sauti. Ana sauti ya taratibu, sauti ya Kisarawe, inayovuta maneno kidogo mwishoni. Nilikuwa nashona huku namsikia akimtuliza mtu aliyepoteza banda zima.

Simu hiyohiyo ndiyo ilikuwa simu yake ya kila kitu. Shangazi yake wa Chole, kulekule Kisarawe, Bi Mwanamkuu, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, alikuwa anamtumia sauti humohumo, katikati ya wateja. Godbless alijua na hakuwa na neno.

Halafu Godbless akaenda semina Dar, akarudi na akili mnemba. Sitaki kuwa mwongo, mwanzoni ilimsaidia Raudha. Ilipanga matangazo ya wiki nzima, ilitunga maneno ya chini ya picha, ilijibu wale wanaouliza bei na kupotea. Raudha akaanza kula chakula chake cha mchana kikiwa bado cha moto, na aliisifia kwangu. Kumbe Godbless alikuwa anailisha ile mashine meseji zake zote na sauti zake zote za miaka ile, ijifunze. Siku ilipoweza kuongea kama yeye, Godbless alimwita, akamwambia kazi imekuwa nyepesi, aache simu mezani.

Angemfukuza tu, ningesema ni mambo ya ajira, tumeyazoea. Lakini sauti aliibakiza. Wiki iliyofuata mama mmoja alimsimamisha Raudha gengeni, akamshukuru kwa ushauri wa jana usiku. Jana usiku Raudha alikuwa kwangu tunamenya viazi.

Nilimsindikiza kwenda kuuliza. Godbless hakugomba, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alitutolea viti, akatuagizia soda, akatabasamu kama tumekwenda kumpa hongera. Akasema "Dada Raudha" sasa ni jina la biashara, wateja wamelizoea, na sauti zile zilirekodiwa kazini, kwa simu ya kazini, kwa hiyo ni za kazini.

Raudha hakugusa soda. "Bosi," alisema, "mimi bado naitumia hiyo sauti."

Godbless akacheka. Alidhani ni utani. Mimi nilitamani kummwagia ile soda kichwani, na mpaka leo najuta kwamba sikuimwaga.

Raudha alinunua laini mpya, akawatumia ndugu zake meseji: ni mimi Raudha, nimebadilisha namba. Wengine walijibu. Shangazi hakujibu, na kila alipopigiwa hakupatikana. Raudha hakushtuka. Mtandao wa Chole unajulikana, leo upo kesho haupo. Na ukweli ni kwamba hakuwa na haraka ya kumwambia shangazi kuwa kazi imeisha.

Alichokuwa anasubiri ni tarehe. Nuria, kitindamimba wa Bi Mwanamkuu, alikuwa amemaliza kidato cha nne na amewekwa ndani, mwali. Raudha ndiye aliyekuwa amechaguliwa kuwa somo wake. Mimi ni mtu wa kuja, kwetu mambo hayo hatuna, kwa hiyo alinieleza: somo ndiye anayemfunda mwali, ndiye anayesimama naye siku ya kutolewa, na baada ya hapo mnaitana somo mpaka mmoja amzike mwenzake. Raudha alimbeba Nuria mgongoni akiwa mtoto mchanga. Hakukuwa na jambo alilolitaka kuliko hilo. Alinunua doti ya kanga ya kumfunga mwali, na akaniletea kitenge nimshonee gauni la siku hiyo. Nililishona kwa mkono wangu mwenyewe mpaka pindo.

Gauni lilikuwa linaning'inia mlangoni asubuhi ile Raudha alipofungua simu akaona picha kwenye status ya binamu yake. Nuria yuko juu mabegani mwa watu, amepambwa, ngoma imechanganya. Pembeni yake, mahali pa somo, amesimama Faudhia, binti wa nyumba ya jirani.

Hakulia. Alivaa viatu tu. "Wamemtoa bila mimi," alisema, na nikafunga cherehani nikamfuata, maana uso ule sikutaka uende peke yake.

Tulifika Chole mchana, vumbi mpaka kwenye kope. Raudha alitoa shikamoo, Bi Mwanamkuu akaitikia marahaba kavu, bila kuinuka mkekani. Hakutukaribisha maji. Raudha akauliza amemkosea nini mpaka anyang'anywe mwali wake. Hapo mama wa watu akawaka. Akasema yeye ndiye wa kuuliza. Alimtumia siku ya ngoma, akajibiwa anakuja. Akamtumia tena kukumbusha, akajibiwa. Watu walikaa uani na ngoma imewashwa, wanasubiri, mpaka jua likapinduka na mwali ndani analia, ndipo akaitwa Faudhia kuziba aibu.

"Uliniambia unakuja kwa mdomo wako," alisema. "Nilikusikia kwa masikio yangu haya."

Raudha akageuka kunitazama, na wote wawili tukaelewa kwa pamoja.

Akamwambia shangazi kwamba simu ile hanayo tena, kwamba alimtumia namba mpya. Bi Mwanamkuu akakunja uso. "Yule tapeli?"

Maana Raudha mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Hawa wezi wa mtandaoni wanaotuma "tuma kwenye namba hii" walishamla shangazi hela ya korosho, na Raudha akamwonya: namba yoyote ngeni ikikwambia ni mimi nimebadilisha namba, usiisikilize. Kwa hiyo ilipokuja, shangazi alifanya kama alivyofundishwa. Akaenda kwenye namba ya siku zote, akamwambia Raudha kuna mtu anajifanya wewe. Akatufungulia jibu tulisikie.

"Umefanya vizuri, shangazi yangu," ilisema sauti ya Raudha, ya taratibu, ikivuta maneno mwishoni. "Usimjibu huyo. Mfungie kabisa."

Nimeishi, nimedhulumiwa, nimezika. Sijawahi kuwa na hasira kama ya dakika ile, na hapakuwa na mtu wa kumpiga.

Raudha alikaa chini mkekani. "Mrekodie sasa hivi, shangazi," alisema. "Mimi niko hapa. Nitazame mdomo." Akaufunga mdomo kwa kiganja.

Bi Mwanamkuu akaikaribia simu kama mtu anayechungulia kisima. "Raudha mwanangu, uko wapi?"

Hatukungoja sana. "Shikamoo shangazi. Nipo dukani, nimebanwa na wateja. Nitakuja Jumamosi, usiwe na wasiwasi. Vifaranga wanaendeleaje?"

Nyumba ile haijawahi kununua kifaranga. Bi Mwanamkuu alimtazama Raudha mdomoni, akaitazama simu, akamtazama tena. Kisha akaiweka chini, akaisukuma mbali kwa ncha ya kidole. Alimshika Raudha kichwa akamlaza mapajani kama mtoto, akasema tangu leo akiwa na neno aje mwenyewe kwa miguu yake, maana simu hataipokea tena, iwe ya nani.

Tulipewa maji, tukapikiwa. Faudhia hakuwa na kosa, somo sasa ni yeye, na yaliyokwisha kufanywa mbele ya ngoma hayafanywi mara ya pili.

Jioni Nuria alitoka ndani kutusalimu, amependeza, mtu mzima sasa. Raudha akafungua mkoba, akampa ile doti ya kanga. Msichana alipiga goti, akaipokea kwa mikono miwili.

"Ahsante, dada," alisema.

Raudha akaitikia, kwa sauti yake mwenyewe.