Hotuba ya Ushindi Nikiwa na Taulo

Naona aibu hata kuanza, lakini kwa vile ukumbi mzima wa Bungoma ulishaniona nikiwa na taulo, sioni nawaficha nini nyinyi marafiki zangu.

Mnanijua, mimi ni yule wa kupiga video za harusi na matanga hapa Matisi. Mwaka jana nikaamua na mimi nitengeneze filamu fupi yangu mwenyewe, ya mama mjane anayekataa shemeji zake wauze kisima, na kwa sababu sikuwa na waigizaji nilienda Naitiri kwa senge, yaani dada ya baba yangu, nikamwomba aigize huyo mama. Senge hajawahi kuigiza chochote, lakini alikubali, akasimama kwa matope mchana kutwa akirudia maneno yale yale kwa sababu mara jua limejificha, mara jogoo amewika katikati ya kilio, na tulipomaliza akatupikia sisi wote (huyo jogoo hakuwika tena, na hakuna aliyeuliza).

Filamu ikachaguliwa kuonyeshwa kwa tamasha la filamu fupi za huku kwetu, pale Bungoma. Nikamwambia senge avae kitenge chake kizuri, tutakaa mbele.

Sasa shida ilianza na kitu kidogo sana. Asubuhi ya siku hiyo nikitoka kuoga nilijiambia, si nifanye mazoezi ya hotuba, maana nikishinda halafu nikose maneno itakuwa aje? Nikaegemeza simu kwa dirisha, nikashika thermos ya chai kama ndio tuzo, nikajirekodi. Baadaye wakati wa kuweka filamu kwa flash nikaona kuchagua faili moja moja ni kazi bure, nikakopi folda nzima. Filamu yangu ilikuwa inaitwa "Final". Ile ya hotuba, kwa mzaha wangu mwenyewe, nilikuwa nimeiita "Final Kabisa". Mnaweza kufikiria jamaa wa projekta alichagua gani.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mwalimu mmoja wa kike kutoka Cheptais alikuwa ameonyesha filamu yake kabla ya yangu, mpaka watu wakasahau kupiga makofi, wakakaa tu kimya kwanza. Nilifurahi, nikajua leo watu wa huku wanaheshimu kazi. Yangu ikatangazwa, taa zikazimwa, senge akanishika mkono, na kwa skrini kubwa kama ukuta wa nyumba nikatokea mimi, kifua wazi, taulo kiunoni, nikiinua thermos juu.

Watu walidhani ni filamu ya kuchekesha, na kusema kweli ilikuwa. Nilishukuru Mungu, nikashukuru simu yangu kwa kamera yake, nikashukuru jirani aliyeniazima pikipiki, nikashukuru punda wa Naitiri aliyebeba maji, nikaambia wale walionicheka Matisi kwamba leo nimewasamehe. Halafu nikalia. Halafu nikaacha kulia ghafla, nikaangalia simu, nikasema, "Hapana, machozi imekuja mapema. Turudie." Hapo hata majaji walilaza vichwa kwa meza wakicheka, na jamaa wa projekta, badala ya kuzima, alikuwa anajipangusa macho.

Lakini mimi vicheko sikuwa navisikia tena, kwa sababu senge alikuwa ametoa mkono wake kwa wangu, polepole, akaniinamia.

"Papa," aliniambia (hivyo ndivyo senge hutuita, kwa heshima ya baba yetu), "umeshukuru mpaka punda. Mimi nilikuwa wapi?"

Taulo ningeizoea, bana, lakini hiyo swali ilinivua nguo kabisa.

Filamu yenyewe ikapatikana. Mwanzoni watu waliendelea kucheka wakingoja thermos itokee, lakini senge alipofika kisimani akawaambia shemeji zake wamzike hapo kwanza ndio wauze, ukumbi ukanyamaza, na mama mmoja nyuma yetu akaanza kuvuta kamasi. Senge alijiangalia tu, wima, kama anaangalia mtu mwingine.

Mwalimu wa Cheptais alikuwa wa kwanza, na ilikuwa haki yake. Sisi tukawa wa tatu. Nikiinuka, mtu huko nyuma akasema hotuba wameshasikia, watu wakaanza kucheka upya. Nilipofika kwa maikrofoni sikuwa na hata neno moja limebaki, ndio nikataja jina la senge, nikamwomba apande. Alipanda bila haraka, akapokea tuzo, akapokea na maikrofoni.

"Ni mimi nilikuwa kwa hiyo firamu," alisema. "Huyu ni mtoto wa ndugu yangu. Akili ako nayo, lakini asubuhi alikuwa hajavaa nguo, ndio akanisahau."

Ukumbi wote ulisimama, na hawakuwa wamenisimamia mimi.

Tukitoka, mwalimu wa Cheptais alikuja mbio na mkono mbele, nikanyoosha wangu, akanipita akaenda kumsalimia senge na kumwomba aigize kwa filamu yake inayofuata. Kwa hivyo niliapa, kabla sijataja mtu mwingine yeyote nitataja aliyesimama kwa matope, na hotuba sifanyii mazoezi tena, hata nikiwa nimevaa suti. Mwezi huu senge ako Cheptais anaigiza. Na mimi niko huko pia, nimemshikia mwavuli.