Peasi la Mama

Nyie vijana mnaosema mtoto mdogo haelewi kitu, nisikilizeni. Juzi mjukuu wangu aliingiza kapu la mapeasi ndani, na ile harufu ikanitoa jasho.

Baba na mama yangu waliachana na kurudiana sijui mara ngapi. Kila walipogombana, mama alinipa peasi akasema, "Kula, twende tukatembee." Matembezi yaliishia kwa shangazi, kijiji cha Rangwi, na mama akarudi peke yake bila kuniaga.

Nikawa msichana mkubwa, mkali, silali mpaka nguo zangu ziwe kwenye furushi. Siku moja tunapalilia maharage, shamba la kijiji cha ujamaa, mama akanipa peasi tulipopumzika. Nililirusha likampiga kifuani, kisha nikaing'ang'ania kanga yake huku napiga kelele.

"Mwali wako ana mashetani huyo!" wanawake wakacheka.

"Una nini, mwanangu? Nakupa ule tu."

Sikujua nina nini. Mpaka leo sijui kama alitaka kunipeleka tena au kunilisha tu.

Basi juzi niliwaita wote wa nyumba hii, nikawaambia: "Mtoto asivushwe mlango huo kabla hajaambiwa anakwenda kwa nani na atarudi lini."