Chagua Mkono: Jinsi Nilivyofundisha Faranga kwa Watoto wa Bugeshi

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkurugenzi wa shule alinikabidhi kengele ya mkononi, boksi la chaki na picha kubwa ya karatasi ngumu iliyoviringishwa kama mkeka. Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, mjini Gisenyi, katika shule ndogo ya matofali karibu na ziwa. Mimi nilikuwa kijana, mtoto wa fundi cherehani wa mtaa wa Waislamu, na nilikuwa nimetoka tu kupata cheti cha monitere. Hilo ndilo jina walilopewa walimu wa madarasa ya chini wakati ule wa Wabelgiji.

Niliikunjua picha na kuitundika ukutani. Ilikuwa na matunda mekundu, mengine ndani ya kikapu, mengine chini ya mti. Binti wa mvuvi aliyekaa mbele aliinua kidole.

"Mwarimu, hizi nyanya ni za nani?"

Mkurugenzi, Mbelgiji mrefu tuliyemwita Direkteri, aliyesimamia pia shule za milimani, alikuwa bado amesimama mlangoni. Alijibu yeye.

"Si nyanya. Ni pommes. Wasiulize ni za nani. Wahesabu."

Basi wakahesabu. Walihesabu pommes, yaani matufaha ya Ulaya, matunda ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuyaona wala kuyaonja, na niliambiwa kwamba hiyo ndiyo hesabu. Programu, yaani mpango wa masomo uliotoka serikalini, ilisema mwaka wa kwanza ni picha, mwaka wa pili ni kujumlisha na kutoa ubaoni, na pesa inaanza mwaka wa tatu. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini sisi tuliosimama darasani tulijua kwamba watoto wengi walikuwa wanaondoka baada ya mwaka wa pili. Wavulana walikwenda kwenye mitumbwi au kuchunga, wasichana walikwenda kulea wadogo zao. Na watoto hao hao, hata kabla ya kuondoka, kila jioni walitumwa dukani kununua chumvi na mafuta ya taa, sarafu imefungwa kwenye ncha ya kitambaa.

Nilimwuliza Direkteri kwa adabu zote: kwa nini tusiwafundishe pesa tangu mwaka wa kwanza, maadamu wanaishika? Aliniangalia kama mtu aliyesikia mbuzi akiongea.

"Mutoto mudogo na pesa, hiyo ni kuharibu mutoto," akasema kwa Kiswahili chake. "Wewe fuata programu."

Muhula uliofuata nilihamishiwa Bugeshi.

Anayeijua Bugeshi anajua baridi yake. Iko juu, chini ya milima ya volkano, na asubuhi ukungu unaingia darasani kama mwanafunzi aliyechelewa. Huko watu ni wa viazi na ng'ombe. Nilifundisha kwa Kinyarwanda, maana ndiyo lugha ya nyumbani kwao. Hapa ninawaandikia kwa Kiswahili ili vijana wote mnisome. Watoto walikuwa wapole, wenye akili, na niliwapenda tangu wiki ya kwanza.

Kisha zikaja sarafu nyepesi.

Niwaeleze polepole, kwa sababu nyinyi hamkuzijua. Kabla ya hapo sarafu tulizozizoea zilikuwa za manjano, nzito, za shaba iliyochanganywa. Kulikuwa na ya faranga moja na ya faranga mbili, zenye picha ya tembo. Serikali ikaanza kutoa faranga tano ya alumini, madini yale yale ya sufuria. Ilikuwa nyeupe, yenye picha ya mchikichi, na nyepesi mno mkononi. Watu wa mjini waliizoea upesi, kwa kuwa waliiona kila siku. Watu wa Bugeshi hawakuizoea, na msidhani ni kwa ujinga. Kwao kila kitu chema kina uzito. Kiazi chepesi kimeoza ndani. Kuku mwepesi ni mgonjwa. Hata mtoto mchanga humpokea kwa mikono miwili na kumpima kidogo hewani, na akiwa mzito wanamsifu mama. Kwa hiyo walipoishika sarafu ile nyeupe, mkono wenyewe ulikuwa umeshaamua: hii ni pesa mgonjwa.

Wanunuzi wa viazi waliotoka Gisenyi na lori waliligundua hilo mapema sana. Wakaanzisha mchezo. Mtoto akija sokoni na kikapu, kwa sababu mama yake ana kazi au anaumwa, mnunuzi anapima viazi, anasema bei ni faranga tano, halafu ananyosha mikono yote miwili. Kiganja kimoja kina faranga tano nyeupe, kingine kina faranga mbili ya manjano.

"We mutoto, chagua mukono."

Mtoto anashika hii, anashika ile, anachagua nzito. Watu wa lori wanacheka, na hata baadhi ya wakubwa waliosimama pale walicheka pamoja nao. Uligeuka kuwa desturi ya soko, kama kuongezewa kiazi kimoja juu ya kipimo.

Mimi niliujua mchezo huu kupitia msichana mmoja wa darasa langu, Nyiraneza, ambaye siku moja hakuja. Hakuja siku ya pili wala ya tatu. Alikuwa mtoto wa mjane, mwenye kupenda kujibu kabla sijamaliza swali, na darasa bila yeye lilikuwa limepoa. Nikaenda kwao baada ya masomo.

Mama yake alikuwa anapalilia. Hakusimama.

"Amesoma vya kutosha, Mwarimu. Shule inamfundisha kula pesa."

"Pesa gani, mama?"

"Nilimtuma na kikapu. Jirani yake kauza kikapu kama hicho, kaleta tano za manjano. Huyu kaniletea mbili. Nikamwuliza, nyingine umekula nini, anasema hakula. Nimemchapa, bado anasema hakula."

Nyiraneza alikuwa amekaa kizingitini, kichwa chini. Nilichuchumaa mbele yake nikamwuliza yaliyotokea. Akaniambia yote kuhusu ile mikono miwili, bila kulia. Alimaliza kwa kusema, "Nilichagua ile nzuri."

Mfukoni nilikuwa na mshahara uliobaki. Nikatoa sarafu mbili, nyeupe na ya manjano, nikamwendea mama palepale shambani na kumnyoshea viganja vyangu.

"Mama Nyiraneza, nisamehe. Ungepewa wewe uchague, ungechukua ipi?"

Alifuta udongo mikononi. Akaishika nyeupe, akaipima hewani, akairudisha. Akaishika ya manjano, akaifumbata.

"Hii," akasema. "Ile ni kipande cha sufuria."

Nikamwambia ile nyeupe ni tano. Nikamwonyesha tarakimu. Hakuwa amewahi kusoma tarakimu, lakini aliniamini. Akamtazama mwanawe mlangoni.

"Kwa hiyo nimemchapa kwa kitu ambacho mimi mwenyewe ningefanya."

"Ndiyo, mama."

"Basi kesho anakuja. Na mimi nakuja."

Nilidhani anasema tu. Kesho yake alikuwa amekaa nyuma ya darasa, kwenye kibao cha mwisho, magoti yake yamefika kidevuni, na watoto wanageuka kila mara kumtazama. Niliishusha picha ya pommes.

Sasa nisikilizeni, walimu wadogo zangu, maana hii ndiyo sehemu ya kazi. Pesa ina hatua tatu kwa mtoto mdogo, na ukiruka moja umempoteza. Ya kwanza ni kuitambua. Mpe sarafu halisi, si mchoro. Aiguse ukingo, aitazame tembo, aitazame mchikichi, aitafute tarakimu kwa kidole. Mwulize jina lake mpaka asisite. Hatua ya pili ni kuhesabu, na hapa watoto wengi hukosea, kwa sababu wanahesabu vipande badala ya thamani. Weka sarafu ya tano moja, watakuambia ni moja. Hawajakosea, ni kitu kimoja kweli. Usimkaripie. Mwambie sarafu hii ina wenzake ndani yake, kisha umpangie faranga moja moja kando yake mpaka zifike tano, na umwache azibadilishe mwenyewe, azirudishe, azibadilishe tena. Hatua ya tatu ni kulinganisha, na kwetu Bugeshi hiyo ndiyo iliyokuwa vita. Niliwafumba macho, nikawapa nyeupe mkono mmoja na ya manjano mkono mwingine, nikawauliza ipi nzito. Ya manjano, wote. Nikawafumbua macho, nikawauliza ipi inanunua viazi vingi. Tukanunua kweli, viazi vidogo nilivyovipanga kwenye ungo. Nyeupe ikaondoka na fungu kubwa. Wakarudia, wakarudia, mpaka mikono yao ikakubali kwamba kwa pesa uzito hausemi kitu.

Mama Nyiraneza alikubali wa mwisho. Alinunua viazi na kuvirudisha mara nyingi kuliko mtoto yeyote, huku akinung'unika, "Serikali gani inatengeneza pesa nyepesi." Watoto walimpenda.

Siku ya soko nilikwenda nikasimama mbali. Mnunuzi alinyosha mikono kwa Nyiraneza kama kawaida yake. Msichana hakushika hata moja. Alitazama tu, akachukua nyeupe, akaondoka. Nyuma yake mwingine, hivyo hivyo. Kufika adhuhuri mnunuzi aliacha kunyosha mikono. Akaniona.

"Eh, Mwalimu. Ni we unafundisha batoto hii maneno?"

"Ni mimi."

"Unaniharibia soko. Mi sikumwibia mutu. Batoto benyewe ndiyo banachagua."

Nimeishi miaka mingi tangu hapo na bado sentensi hiyo inanichemsha damu. Wenyewe wanachagua. Unamnyima mtoto elimu, unamnyoshea mikono miwili, halafu unasema amechagua. Nilimjibu kwamba sasa ndipo wanachagua. Hakupenda.

Mnunuzi yule alikuwa anamuuzia viazi mtu mkubwa wa mjini, na maneno yakafika. Haukupita muda mrefu, gari la Direkteri likapanda kwa tabu hadi shuleni kwetu. Aliingia bila kubisha. Ukutani hakukuwa na picha. Mezani kulikuwa na ungo wa viazi na sarafu. Nyuma alikaa mwanamke na jembe lake.

"Nani huyu mama?"

"Ni mzazi, Bwana Direkteri."

"Hapa ni shule ao ni soko?"

Mama Nyiraneza hakuelewa Kiswahili, lakini alielewa sauti. Akasimama, akainama kidogo kwa heshima, akabaki amesimama.

Direkteri alinivuta nje. Sikumficha kitu. Nilimweleza mchezo wa mikono, nikamweleza kipigo alichopata mtoto asiye na kosa. Aliniacha nimalize, hilo nitamshukuru.

"Bon. Ni mubaya, huyo mununuzi," akasema. "Lakini franc ni mwaka wa tatu."

"Mwaka wa tatu hawatakuwepo, Bwana Direkteri. Hapa Bugeshi hatuna hata darasa la mwaka wa tatu."

"Donc, basi, hawatajifunza. Hiyo si kazi yako, ni kazi ya programu. Unarudisha picha leo, ao unatoka."

Ningeweza kuirudisha, nikaendelea kwa siri. Wenzangu walinishauri hivyo. Lakini watoto walikuwa wanatusikia kupitia dirishani, na Nyiraneza alikuwa amechapwa kwa kusema kweli. Nilimwambia sitairudisha.

Nilipelekwa shule ya kijiji kingine, Cyanzarwe, kama monitere msaidizi, cheo cha chini na mshahara wa chini, chini ya mkuu niliyemzidi umri wa kazi. Aliyechukua nafasi yangu Bugeshi aliitundika picha siku aliyofika. Nyiraneza alimaliza mwaka wa pili, akaacha, kama nilivyosema wataacha wote. Aliyoyajua kuhusu pesa aliyajua katika zile wiki chache nilizoadhibiwa kwazo. Mama yake alinitumia kikapu cha viazi Cyanzarwe, akaagiza niambiwe kwamba sasa anauza mwenyewe na hakuna anayemnyoshea mikono. Nilivila viazi hivyo kwa hasira na kwa furaha, sijui ipi ilizidi.

Uhuru ulikuja, sarafu zikabadilika picha, Direkteri akarudi kwao. Nilirudishiwa cheo changu, baadaye nikawa mkuu wa shule mjini. Nilipoletewa programu mpya niliifungua haraka kwenye hesabu. Pesa: mwaka wa tatu. Mtu alikuwa ameinakili ya zamani neno kwa neno. Nilikwenda kwa Inspekta wa wilaya, Mnyarwanda mwenzangu, mwenye tai nzuri. Alinisikiliza, akasema, "Mzee, watoto wadogo na pesa, si tutawaharibu?" Mdomo tofauti, maneno yale yale. Shuleni kwangu nilifundisha nilivyojua, na hakuna aliyepanda kunitoa. Shule nyingine zote ziliendelea kusubiri.

Mtaniambia siku hizi mambo ni tofauti. Nendeni Petite Barrière, kile kivuko cha mpakani cha waendao kwa miguu, asubuhi. Tazameni watoto wanaopita na mabunda ya mboga kichwani kwenda Goma, pesa za nchi mbili mkononi, na watu wazima wanaowapa chenji bila kuwatazama usoni. Kisha mrudi darasani mwenu, mjiulize ni lini mtawafundisha.

Nilipostaafu walinifanyia sherehe. Afisa wa elimu alisoma hotuba akisema kwamba Mzee huyu alifuata programu kwa uaminifu maisha yake yote. Nikaomba kusema. Nikasimama, nikawaambia hapana, sikuifuata, nilifukuzwa Bugeshi kwa kutoifuata, na kama ningeifuata watoto wangeendelea kuibiwa huku wakichekwa. Ukumbi mzima ukacheka, wakapiga makofi, wakaona Mzee amechangamka.

Sikuwa natania.