Korongo Nililolinyoosha

Kosa langu la kwanza, mwanangu, lilikuwa kunyoosha korongo. Nakuita mwanangu ingawa mimi mwenyewe sijazeeka. Woga umenikomaza mapema.

Nilijifundisha kuchora ramani kwa simu, na kamati ya mtaa wetu hapa Katesh ikaniomba nisaidie kupanga viwanja. Mpango wa mji ulitaka nyumba zisogeleane karibu na barabara, na korongo kavu linaloshuka kutoka mlimani liachwe wazi. Mimi nikaona ule ni msongamano. Halafu mstari uliopinda huninyima usingizi. Nikauchora upya umenyooka, vikapatikana viwanja vipana juu ya korongo lenyewe, na kamati ikakubali. Shangazi yangu akachagua cha katikati.

Nakumbuka asubuhi tuliyokwenda kupima msingi wake. Ukungu wa Mlima Hanang ulikuwa umeshuka hata miguu yetu hatuioni. Akatokea mzee mmoja mfugaji na ng'ombe wake. Walipofika kwenye kamba yetu walisimama wote, masikio yameelekea mlimani, bila kula wala kulia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwenye njia mmemuuliza?"

"Mwambie aje tumpe chai," shangazi akacheka.

Mzee hakucheka. "Amesafiri. Akirudi hapigi hodi."

Akawazungusha ng'ombe, wakapita mbali. Tulipobaki wawili, nikasikia chini ya ardhi kama watu wengi wanaongea ndani ya nyumba iliyofungwa. Mvua haikuwa imenyesha.

"We mtoto, unasikia?"

"Sisikii kitu, shangazi." Niliona aibu kufuta mchoro wangu.

Ni yeye aliyekunja kamba, akaondoka bila kuniaga. Wiki chache baadaye mvua ilipiga mlimani, huku kwetu jua linawaka. Korongo likarudi mchana kweupe, na matope na mawe, likifuata kona zake zote za zamani. Pale ambapo msingi ungekuwa ulipita mti mzima, umesimama wima, taratibu, kama mtu anayerudi kwake.

Basi, mwanangu, ukipewa kupanga mji, wabane watu kidogo, usiyabane maji. Tukikaa karibu karibu, shamba linabaki shamba na korongo linabaki njia. Na ukisikia, sema umesikia. Mungu akujalie kila asubuhi uikute nyumba yako pale ilipolala.

Shangazi sasa anaishi kando ya barabara, ukuta kwa ukuta na jirani. Mimi siku hizi nachora korongo kwanza.