Siku Mama Odilia Alipopanda Mtumbwi

Kristina alikuwa hajaanza shule baba yake, Nazari, alipokwenda kutega nyavu mtoni asirudi. Kiboko aliupindua mtumbwi, na mwili ukaja kuonekana mbali huko chini maji yanakoelekea. Mama yake, Odilia, akabaki mjane kijana pale kijijini Idete na watoto wawili, Silvano na yeye Kristina.

Kaka zake Odilia walishuka kutoka Mahenge wakamtaka arudi kwao. Aliwapikia, akawasikiliza mpaka wakamaliza, kisha akawajibu kwamba Mungu ndiye aliyemleta bondeni, na akitaka kumrudisha milimani atamwambia mwenyewe. Wakaondoka bila yeye. Jambo moja tu aliapa: hatatia tena mguu wake ndani ya mtumbwi. Hata alipoalikwa harusi ng'ambo, alikuwa radhi kuzunguka njia ndefu ya nchi kavu afike ngoma zimekwisha.

Watoto wake walikulia juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu kinachosimamishwa katikati ya mpunga ili kuamia ndege wasile nafaka. Rozari waliisali huko huko. Odilia alianzisha, wao wakaitikia, na ndege kwelea wakitua hakungoja sala iishe. "Salamu Maria, umejaa neema, Silvano, kulia kwako huko, Bwana yu nawe." Ole wao wakicheka.

Hakuwa malaika. Alikuwa mkali, na neno lake likishatoka limetoka. Aliyechelewa sala ya jumuiya alisalimiwa kwa heshima zote mbele ya watu, polepole, mpaka aone aibu. Lakini mtu wa Idete akilazwa Ifakara, awe Mkatoliki au Mwislamu, Odilia angeonekana pale wodini na chupa ya uji, amepakiwa baiskeli au bodaboda, akiulizia kitanda cha mgonjwa.

Kisha yakaja mambo ya Masanja.

Masanja alikuwa mfugaji wa Kisukuma aliyehamia karibu na mashamba yao. Mwaka mmoja, mpunga ukiwa unatoa masuke, ng'ombe wake waliingia shambani kwa Odilia. Silvano, wakati huo mtu mzima mwenye mke, akaenda kuwatoa. Maneno yakazidi, Masanja akainua fimbo, na Silvano akarudi nyumbani ameushika mkono wake kama mzigo wa mtu mwingine. Hospitali waliuunga, ila ulipona umepinda. Wazee walikaa, wakasema, mambo yakaisha bila kuisha. Tangu hapo nyumba zile mbili hazikusalimiana.

Masika yaliyofuata mto ulikuja juu kuliko kawaida. Jumapili asubuhi watu wakiwa wamekusanyika kigangoni, katika kanisa dogo la kijiji, ikafika habari kwamba Masanja aliswaga ng'ombe kwenda nchi kavu, na nyuma yake maji yakaizingira nyumba. Mkewe, Kabula, alikuwa juu ya kichuguu na watoto. Watu wakatazama chini. Mmoja akanong'ona kwamba ng'ombe wao na waje wawabebe.

Odilia akainuka kwenye benchi. "Silvano, mtumbwi wako uko wapi?"

"Mama, unajua yule ni mke wa nani."

"Najua. Nimekuuliza mtumbwi."

Kristina, aliyekuwa ameketi nyuma yao na mtoto mgongoni, aliona shingo ya kaka yake inavyokakamaa. Mama akasema kwa sauti ya chini, "Sikulazimishi, baba. Mkono ni wako. Nionyeshe tu upondo ulipo, nitakwenda mwenyewe."

Akatoka. Watu wote wakamfuata hadi penye maji, maana hakuna asiyejua kiapo chake. Alifunga kitenge kiunoni, akashika ukingo wa mtumbwi, akaingia. Kristina alimwona mama yake ameng'ang'ania ukingo kwa mikono miwili, midomo ikienda bila sauti. Hapo Silvano akasogea, akamwambia akae katikati, akachukua upondo, akausukuma mtumbwi.

Yaliyotokea kule, Kristina aliyasikia baadaye kwa kaka yake. Mtumbwi haukuweza kuwabeba wote. Kabula alikataa kuwaacha watoto waende peke yao, na Silvano akasema basi atafanya safari mbili. Odilia akateremka. Akamweka Kabula mahali pake pamoja na watoto, naye akabaki juu ya kichuguu, ambako nyoka nao walikuwa wamekimbilia. Silvano aliporudi kumchukua alimkuta amesimama wima, anaimba wimbo wa Bikira Maria kwa sauti ya kufukuzia ndege.

Kabula na watoto walikaa nyumbani kwa Odilia hadi maji yalipopungua. Masanja alipokuja kuwachukua alipiga magoti mlangoni, akamwamkia, akaanza kumwomba msamaha. Odilia akamzuia.

"Mimi hujanivunja mkono. Mwenye mkono yuko uani, anashona nyavu. Nenda kwake."

Masanja alikwenda. Silvano alimsikiliza huku akiendelea kushona nyavu, na Odilia hakumhimiza mwanawe hata kwa jicho. Alimwacha. Msimu ule wa mavuno, Silvano mwenyewe alikwenda kwa Masanja, wakatembea pamoja wakichagua njia ya kupitishia ng'ombe mbali na mpunga. Kristina alipomuuliza walizungumza nini, alisema walizungumza habari za njia.

Mwaka jana Odilia alifariki baada ya kuugua kidogo, akiwa ameshapokea mpako wa wagonjwa na kuwagombeza wanaolia mapema. Siku ya mazishi kanisa halikutosha, wengine wakasimama nje chini ya jua. Kristina ndiye aliyesoma somo la kwanza. Alipoinua macho katikati ya kusoma alimwona Masanja, mtu asiyejua ibada ya Kikristo, amekaa bega kwa bega na Silvano, kofia magotini. Alikuwa hajui wakati wa kusimama wala wa kupiga magoti, kwa hiyo muda wote alimtazama Silvano, akifanya afanyavyo. Kristina akapoteza mstari, akautafuta kwa kidole, akaendelea kusoma.