Viatu Kwenye Theluji

Mwanangu, kuna Jumamosi moja ya mwaka 2017, hapa hapa ugenini, mtaani kwetu Doornfontein, ambayo nikiikumbuka naweka mkasi chini kwanza, nisije nikakata kitambaa cha watu kwa hasira. Sijui kama nitaieleza sawasawa, maana shule niliishia njiani. Lakini hasira haiombi cheti.

Mvi zilikuwa bado hazijanijaa. Jirani na chumba changu cha kushonea aliishi mzee mmoja Mrusi, mchoraji wa mambo ya kale ya kwao. Miaka yake ya mwisho yote aliitia kwenye picha moja kubwa: watu waliofukuzwa makwao, wanatembea kwenye theluji. Mimi nilimshonea makoti ya mablanketi, naye, Mungu amsamehe, akayakokota barabarani ili yachakae! Watu wa kuyavaa akatutafuta sisi Wakongo. "Nyinyi mnajua kukimbia," alisema. Wala hakutaka ukae kama unapigwa picha ya pasipoti. Unasimulia safari yako kwa lugha yako, naye anachora.

Mama Nabintu, msusi wa kule Joubert Park, alisimulia habari za mama yake mzazi, aliyefia njiani wakati wa vita. Hakuwa na picha yake hata moja. Mzee akamwambia, "Nitamtafuta kwa brashi."

Picha aliifunika shuka. Ndiyo ilikuwa desturi yake: haonyeshi mpaka amalize, na haweki jina lake mpaka aliyesimulia aione, akubali.

Siku ya maonyesho, Jumamosi hiyo, tukavaa vizuri, tukaenda kwenye ukumbi wa picha. Jumatatu picha ilikuwa inasafirishwa ng'ambo kwa mnunuzi, kwa hiyo ni siku ile au basi tena. Mlangoni mlinzi, kijana wa Kalemie, Mkongo mwenzetu, akanyoosha mkono kutuzuia.

"Pole, mama. Ni walioalikwa tu."

"Kofia hiyo imekusahaulisha kwenu?" nikamuuliza.

"Eish, baba, kofia hii ndiyo inalisha watoto."

Haki yake nimpe, hakusema uongo. Na mwenye ukumbi, aliyetoa amri ile, ndiye aliyemuuguza mzee alipoumwa. Hilo nalo nisilifiche. Lakini hebu niambie! Watu wanakunywa divai mbele ya nyuso zetu, na sisi wenye nyuso tuko nje na vumbi. Asante ya punda mateke, ila siku ile punda alikuwa amevaa suti.

Mwenye ukumbi akatoka. "Picha nitawatumia kwenye simu."

Mama Nabintu hakupaza sauti. "Tangu lini mama yangu anapokea wageni, mimi mwanawe nasimama barabarani?"

Mlinzi yule yule ndiye aliyemtafsiria bosi wake, neno kwa neno, bila kupunguza.

Mzee alikuwa ameshafika mlangoni, uso mwekundu kama pilipili. "Sijaweka jina," akasema. "Huyu mama asipoona, siweki."

Na mnunuzi gani atapokea picha isiyo na jina la mchoraji? Mlango ukafunguka.

Mama Nabintu akasimama mbele ya bibi mmoja kwenye theluji. Rangi ya ngozi alipakwa ya Kirusi, sawa. Ila vile alivyoinamisha shingo, na ule mkono kiunoni, hata mimi niliyemsikia kwa masimulizi tu nilimjua. Mama Nabintu akasema, "Mzee, umemvalisha viatu. Mama alitembea miguu mitupu."

Mzee akatoa brashi mfukoni. "Nivifute?"

"Hapana. Viache. Alivitamani njia nzima."

Ndipo mzee akainama, akaandika jina lake, karibu na viatu vile.

Mwanangu, pengine nimesema vibaya, lakini hili lishike. Mtu akitaka habari za maumivu yako, muulize kwanza utaingilia mlango gani siku ya kuzionyesha. Na siku ufunguo utakapokuwa wako, usimwache mwenye msiba nje huku wageni wanakula.

Mungu akupe viatu vya safari yako, na ukifika, akupe wa kukufungulia.