Tausi kwenye Kochi la Jirani

Kwenye simu yangu kuna tovuti nilizoziwekea alama ili nisihangaike kuzitafuta. Ya kwanza ni ya forodha, maana mimi ni wakala wa kutoa mizigo hapa mpakani Oraba, na lori haliingii Kaya, upande wa Sudan Kusini, mpaka ukurasa ule ukubali. Ukikataa, dereva ananitazama kana kwamba mtandao nimeuzima mimi. Kuna ya bei za fedha, ambayo wabadilisha pesa wa mpakani huidharau hadharani na kuichungulia kwa siri. Kuna ya matokeo ya mpira, na hiyo sina haja ya kuitetea. Halafu kuna ya vitambaa vya kufuma, na mimi hata sindano sijui kuishika.

Watu wakiiona hiyo ya mwisho hucheka. Wacha wacheke. Niliitafuta kwa ajili ya mama.

Mama alikuwa mke wa askari, nyumbani kwetu Koboko, na kama wanawake wengi wa rika lake alifuma. Alifuma kitambaa cha kochi, cha meza, cha redio, na siku televisheni ilipofika, nayo ilivishwa kabla haijawashwa. Sebule yenye makochi yaliyo uchi, alisema, ni ya mtu anayehama kesho. Yeye alikuwa amekimbilia Sudan na kurudi, kwa hiyo kuhama alikujua vizuri.

Kwenye kufuma kulikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeifundisha na wote waliijua: ua la mtu, yaani mchoro anaoufuma, haliombwi. Ukilipenda, unakwenda kumwamkia mwenyewe, unakaa kwenye kochi lake, unakunywa chai, unaongea habari za watoto na za mvua, na muda wote huo vidole vyako vinahesabu matundu chini ya mtandio. Ukitoka hapo unakimbilia nyumbani kabla hesabu haijakutoka. Mwenye ua naye hakufukuzi. Akikuona unakuja, anageuza tu vitambaa vyake ndani nje, ukutane na upande wa nyuma usiosomeka.

Jirani yetu wa ng'ambo ya njia, mke wa askari mwenzake baba, alikuwa na tausi wa kufuma. Alimleta kutoka Kongo, alikokuwa mkimbizi. Tausi mkubwa alikaa mgongoni mwa kochi, mkia umefunguka kama ungo, na wadogo wakakaa kwenye mikono ya kochi. Vichwa na shingo za tausi hao, wanawake wa mtaa waliviiba mapema. Ila katikati ya mkia, kwenye yale macho, hesabu iliwashinda wote.

Kila Jumapili, jirani akisharudi kutoka kanisani, mama alijitanda mtandio, akabeba chupa ya chai kwa kisingizio kwamba ya jirani haina tangawizi, akavuka njia. Mimi nilimfuata nyuma. Dirishani nilimwona jirani akigeuza vitambaa mbio mbio, kisha akatokea mlangoni na uso wa kushangaa.

"Kumbe ni wewe," alisema, Jumapili zote.

"Ni mimi," mama alijibu, akaenda kukaa kwenye kochi lile lile.

Nilipopelekwa Arua kusoma, ndipo nilipokutana na mtandao. Karibu na soko kulikuwa na chumba cha kompyuta chenye joto la kuokea mkate, tumebanana kwenye mabenchi, kila mtu akisoma ukurasa wa mwenzake. Nakikumbuka chumba kile kwa mapenzi. Picha zilishuka polepole kutoka juu. Nilitafuta tausi wa kufuma, kikatokea kichwa, ikafuata shingo, na kabla ya mkia umeme wa Arua ukakatika, kama kawaida yake. Wiki iliyofuata nilirudi, nikangoja tena mkia.

Miaka ikapita, nikaanza kazi Oraba. Siku moja, nikisubiri ukurasa wa forodha uamke, nilijaribu tena kwenye simu. Tausi akafunguka mzima, yule yule wa jirani, mkia wote umechorwa duara kwa duara. Nilipiga ukelele mpaka dereva mmoja akadhani mzigo wake umepita. Jioni ile ile nilipanda pikipiki hadi Koboko.

Mama alikuwa uani akichambua maharage. Nikamwekea simu mbele.

"Mama, angalia. Tausi ya jirani. Mukia yote iko hapa."

Aliitupia jicho, akarudi kwenye maharage yake.

"Hiyo mimi najua zamani," alisema. "Tangu wewe iko mutoto ya shule."

Nilimwuliza kwa nini basi hakumfuma hata siku moja.

"Nikiweka kwa kochi yangu, yeye ataona. Sasa Jumapili mimi nitaenda kwake kufanya nini?"

"Kusalimia tu, Mama."

"Kusalimia inaisha haraka."

"Na yeye iko najua kama wewe najua?"

"Sijamuuliza. Yeye nageuza, mimi nahesabu." Akanisogezea ungo nimsaidie.

Nilikasirika, nasema ukweli. Nilifikiria ile mikia yote niliyoingoja Arua. Kisha hasira ikaniisha, nikabaki na wivu, maana mimi najuana na watu wa pande zote mbili za mpaka, na sina hata mmoja wa kumwendea hivyo.

Mama sasa hayupo. Jumapili ya kwanza baada ya matanga nilikuwa nimekaa barazani kwetu, nyumba kimya, nikatazama ng'ambo ya njia. Jirani alikuwa amesharudi kutoka kanisani, amekaa peke yake sebuleni. Dirishani niliwaona tausi wote, wametazama nje, mikia wazi. Hakuna aliyewageuza. Nilimlilia mama pale kuliko nilivyomlilia siku ya maziko.

Nikaingia ndani, nikachemsha chai, nikatia tangawizi nyingi. Nilijitanda mtandio wa mama, nikaacha simu mezani, nikavuka. Katikati ya njia nilimwona jirani akiinuka. Magoti yake si ya zamani, akashika kochi kwanza, kisha akaanza kugeuza vitambaa, kimoja kimoja, akiharakisha. Nilipunguza mwendo ili amalize.

"Kumbe ni wewe," alisema mlangoni.

"Ni mimi, Mama."

Sijui kufuma hata kidogo. Nilikaa kwenye kochi lile lile, nikaingiza mkono chini ya mtandio, nikaanza kuhesabu.